Bendera Nyekundu ya Kitalu cha Juu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisome kipimajoto kwa sauti, nikashindwa. Kusoma nilijua na namba niliiona vizuri, ila sauti haikutoka. Mama Afisa, msimamizi wa kituo cha hali ya hewa kwenye shamba moja la mbegu za viazi pale Uyole, Mbeya, alisubiri kidogo, kisha akainama mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wangu.

"Haya, nong'ona," akasema. "Hewa haina haraka."

Nikanong'ona, akaandika. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi. Mimi sijafika miaka thelathini, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwetu Ilomba. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha, mtambo umeichukua, na wachumaji wa chai walinipa jina la Bibi tangu wiki ya kwanza kwa sababu ya ukimya wangu. Basi naandika kama bibi mstaafu, kwa ajili ya wadogo zangu wanaoona picha ya wingu na radi kwenye simu na kudhani imejichora yenyewe.

Kituo cha Uyole kilikuwa kiwanja kidogo cha nyasi fupi kilichozungushiwa waya. Katikati kilisimama kibanda cheupe chenye mbavu za mbao, kimeinuliwa juu ya miguu minne. Wapita njia walidhani ni mzinga wa kisasa, wakawa wanaulizia asali. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili pacha, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa chenye maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hukauka haraka na kipimajoto chake hupoa, kwa hiyo namba za pacha hao huachana mbali. Hewa ikijaa unyevu, hukaribiana. Ukiwaona wamekaribiana asubuhi na jua linawaka, uanze kuushuku mchana.

Kushuku. Sidhani kama kuna neno Mama Afisa alilipenda zaidi. "Shuku kipimo, labda buibui amejenga ndani. Shuku macho yako, labda hukulala. Na kompyuta ishuku zaidi, maana yenyewe haijawahi kulowa."

Watu huuliza inawezekanaje kuijua radi kali siku nne au tano kabla. Mama Afisa alinieleza tukiwa tunamenya viazi. Ukimwona jirani yako Jumatatu amenunua mchele, Jumanne amefunga kuku, Jumatano ameazima sufuria kubwa, huwezi kusema nani atapewa paja. Lakini unajua kwa yule jirani kuna kupikwa. Radi kali nayo ina mahitaji yake. Inataka unyevu mwingi, ambao kwetu huletwa na upepo wa magharibi au hupanda kutoka Ziwa Nyasa. Inataka ardhi yenye joto na baridi kali juu yake, ili hewa ya chini ipande kwa nguvu. Tena inataka upepo wa chini uelekee huku na wa juu uelekee kule, maana hapo ndipo wingu linapopata nguvu ya kukaa muda mrefu, kichwa chake kikatandazika kama fuawe ya mhunzi, likatengeneza mvua ya mawe. Kompyuta kubwa za mbali hufanya hesabu hiyo mara nyingi, kila mara zikibadilisha mwanzo wake kidogo. Ni kama kuwauliza watu wengi njia ileile. Wakikuonyesha kila mtu upande wake, kaa ulipo. Wakielekeza wengi upande mmoja, funga viatu.

"Na anayekwambia radi itapiga mti gani?" niliuliza siku hiyo, kwa sauti ambayo kwangu ilikuwa kubwa.

"Huyo mkimbie," akasema Mama Afisa. "Ama ni mwongo, ama ni yeye anayeituma."

Nilicheka. Sikujua kwamba baadaye nitaambiwa mimi ndiye ninayeituma.

Shamba la viazi lilipobadilisha wenyewe, kituo kikafungwa. Mama Afisa alipiga simu huku na huko, na mimi nikapata nafasi kwenye shamba la chai milimani mkoani Iringa. Sitalitaja jina. Nilinunua mabuti ya mpira sokoni Mwanjelwa, mama akanifungia mchele wa Kyela, nikapanda basi.

Kazi ile ilikuwepo kwa sababu ya msiba. Kabla sijafika, radi ilikuwa imewaua wachumaji wawili kwenye Kitalu cha Juu, kilichokaa mgongoni mwa mlima bila mti wala nyumba. Meneja wa shamba, mtu wa maneno machache, akaamua kuajiri mtaalamu wake wa utabiri. Sisi tulimwita Bwana Utabiri. Alikuwa amesoma chuo, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini, mrefu, anayecheka kwa shida. Yeye alisoma ramani za kompyuta. Mimi nilisoma vipimajoto, kipima mvua na mawingu, nikamletea, naye akavilinganisha vyangu na vyake.

Meneja alitaka taarifa imfikie kila mtu kambini, hata asiye na simu. Akaagiza mlingoti mrefu wa chuma usimikwe Kitalu cha Juu, unaoonekana kutoka nyumba zote za wachumaji, na bendera za rangi tatu. Nyeupe, chumeni bila wasiwasi. Njano, angalieni anga. Nyekundu, ndani ya siku chache zijazo tunatazamia radi kali, basi Kitalu cha Juu kichumwe mapema na siku zile za hatari watu washuke vitalu vya bondeni.

Kwenye mkutano wa ofisi jambo hilo lilionekana safi kabisa. Hakuna aliyeuliza rangi.

Kwetu kila mtoto anajua, wingu likiguruma vua sweta jekundu. Nguo nyekundu inaanuliwa, blanketi jekundu linafichwa chini ya godoro. Bwana Utabiri aliniambia ni imani tu, radi haina habari na rangi, inatafuta kilicho kirefu na kilicho peke yake. Nilimwamini. Lakini alisema hivyo akiwa anafungua dirisha, hakunitazama.

Kupandisha bendera ilikuwa kazi yangu. Kamba ilikuwa ya katani, na katani ikilowa fundo la kawaida hukaza lisifunguke tena. Bwana Utabiri akanifundisha fundo lake. Unazungusha kamba mara mbili kwenye chuma, unapitisha kitanzi chini ya kitanzi, unaacha mkia mrefu. Ukiuvuta mkia, fundo lote linaachia hata likiwa limelowa chapachapa. Alisema kwao walilitumia kufungia ndama.

Nyekundu ya kwanza niliipandisha Jumanne. Alhamisi radi ikaja, ya kutisha, mvua ya mawe ikapasua majani ya chai. Hakuna aliyeumia, maana watu walikuwa bondeni. Nilidhani watatushukuru.

Kesho yake nilipofika kwenye mizani, ambapo wachumaji hupanga mistari kupima majani, kelele zilikatika. Mama Faraja, nyapara wa Kitalu cha Juu, mama wa Kihehe mwenye mabega mapana na mdomo usiolala, alinitazama kuanzia mabutini.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mama."

"Ile nguo yako uliyoitundika kule juu. Ulikuwa unamwita nani?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na meno. Nilitaka kueleza habari ya unyevu na upepo. Midomo ilifunguka, sauti ikabaki kifuani. Mtu akasema nyuma, "Si anatoka Mbeya huyo? Wa huko wanajua mambo." Nikaondoka.

Sasa fikiria jambo hili, kwa maana mimi nililifikiria sana. Kadiri ambavyo tungetabiri vizuri, ndivyo ambavyo tungezidi kuonekana wachawi. Bendera inapanda, radi inakuja. Ikipanda tena, ikaja tena, nani atabisha? Mchumaji asiyejua ramani anaona vitu viwili tu, kitambaa kwanza na moto baadaye. Na mwenye kukipandisha ni mimi.

Nyekundu ya pili ilipotea. Niliipandisha jioni, asubuhi mlingoti ulikuwa mtupu na kamba imefungwa vizuri mahali pake. Na wiki ile radi haikuja. Ramani zilikuwa zimetudanganya, upepo wa magharibi uligeuka njiani, jambo la kawaida katika kazi hii. Lakini kambini ushahidi ukawa umekamilika. Imeondolewa, haikuja. Mama Faraja alipita mbele ya kibanda changu akiimba.

Ya tatu ikapotea pia. Meneja akatuita ofisini, mimi na Bwana Utabiri.

"Nani anapanda kwenye ule mlingoti kila siku?" akauliza.

"Mimi," nikanong'ona.

"Unakaa wapi?"

"Kambini."

"Na hao wa kambini. Wanakusumbua?"

Nikanyamaza. Akachukua ukimya wangu kuwa jibu.

"Basi nimeelewa. Wanakutisha, unawashushia bendera, kisha unakuja hapa kusema imeibwa. Binti, siku bendera inaposhushwa na mtu akaenda kule juu akafa, nitamwambia nini mama yake? Ikipotea tena unarudi kwenu."

Nilimtazama Bwana Utabiri anisemee. Alikuwa anaangalia dirishani, kwenye mlima. Nikadhani naye ananishuku.

Kuanzia hapo nilishuku kila kitu. Nilimshuku Mama Faraja, nikawa napita karibu na kamba zake za nguo kuangalia kama kuna kitambaa nikijuacho. Nilimshuku mlinzi wa ghala, kwa sababu alikuwa ananisalimia vizuri mno. Nilimshuku mwuza maziwa. Kambini walinishuku mimi, Meneja alinishuku mimi, na usiku nilijiuliza kama naamka usingizini nikapanda mlimani bila kujijua. Kazi ile ilikuwa kitu pekee nilichowahi kupewa kwa kile nilichokijua. Kurudi Ilomba si aibu. Kurudi na jina la mwizi ndiyo aibu.

Ikaja wiki ya nne ya hatari. Jumatatu Bwana Utabiri alinionyesha ramani. Hesabu karibu zote zilielekeza upande mmoja: Ijumaa au Jumamosi. Pacha wangu wawili kibandani walikuwa wamekaribiana kiasi cha kugusana. Nilipandisha nyekundu, nikafunga fundo, nikakaza macho juu yake kana kwamba ni mtoto ninayemwacha.

Jumanne asubuhi haikuwepo.

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande. Sikulia. Nililitazama fundo, lile la kitanzi chini ya kitanzi na mkia mrefu, na kwa mara ya kwanza nikaliona. Mara mbili zilizotangulia nililipita bila kulishuku, kwa sababu lilikuwa fundo langu. Lakini huwezi kushusha bendera bila kulifungua. Aliyelifungua alikuwa amelifunga tena vilevile. Mwizi wa kambini angekata kamba kwa panga. Huyu alihurumia kamba. Na fundo lile shamba zima tulilijua wawili.

Nilishuka hadi ofisini nikamkuta peke yake.

"Bosi, twende juu ukaone kitu."

"Niambie hapahapa."

"Siwezi kusema. Nataka uone."

Tulipanda. Nikamwonyesha fundo kwa kidole. Akaligusa, kisha akakaa pale nilipokuwa nimekaa.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Tulikuwa tunachunga pamoja Usangu. Siku hiyo alivaa sweta la shule, jekundu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya tuta nikiwa na shati la kaki. Nimesoma radi miaka yote ile chuoni, Bibi. Najua ilimpiga kwa sababu alisimama uwanda mtupu. Najua. Lakini kila alfajiri nikiiona ile nguo imesimama juu ya vichwa vya watu, miguu inanileta yenyewe."

"Meneja atanifukuza."

"Najua."

"Ulikaa kimya, bosi."

"Nilikaa kimya." Akachezea mkia wa kamba. "Utamwambia?"

"Mimi mbele ya Meneja sina sauti," nikasema. "Utamwambia wewe. Leo. Kwa sababu Ijumaa inakuja, na kule chini hawaamini tena rangi yoyote. Watapanda huku."

Sijui nilitoa wapi maneno mengi kiasi kile.

Akaenda. Meneja, badala ya kumaliza mambo ofisini, akamtaka ayarudie kwenye mizani mbele ya wote, kwa kuwa mimi nilisemwa mbele ya wote. Bwana Utabiri alisimama kati ya matenga ya chai, mrefu kama mlingoti wenyewe.

"Bendera nimeziondoa mimi," akasema. "Binti huyu hajui lolote. Niliogopa nyekundu."

Halafu Mama Faraja akapiga makofi mara moja, akainamia tenga lake akicheka mpaka machozi.

"Mnyalukolo, ndugu yangu! Kumbe ni wewe! Sisi mara mbili tumepanda na panga tukaikate, tunakuta imeshaondoka! Tukasema mlima wenyewe umeikataa!"

"Mlipanda kuiba?" Meneja akauliza.

"Tulipanda kuokoa roho zetu, Meneja. Usitafute jina lingine."

Watu wote wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenye meno. Mama Faraja akamgeukia Bwana Utabiri, akamwangalia kwa namna mpya, kama mtu anayemkuta ndugu sokoni.

"Kwa hiyo na wewe msomi unaogopa. Afadhali. Mtu asiyeogopa radi nitamwaminije akiniambia habari zake? Haya tuambie kwa mdomo. Hiyo Ijumaa ni kweli?"

"Ijumaa au Jumamosi. Siwezi kuapa. Lakini naishuku sana."

"Na kile chuma chako kirefu kule juu?"

Bwana Utabiri akanitazama, mimi nikamtazama. "Chuma ndicho kibaya kuliko nguo," akasema polepole. "Msikae karibu nacho."

"Si tulisema!" akapaza mtu nyuma. "Tulikosea rangi tu!"

Wakakubaliana Kitalu cha Juu kichumwe Jumatano na Alhamisi, kisha kiachwe. Bendera zikaisha siku hiyo. Meneja akaamuru taarifa isomwe kila asubuhi kwenye mizani. "Asome Bibi," akasema Mama Faraja. "Yeye hana maneno ya ziada." Hivyo mimi, niliyeshindwa kusoma namba moja Uyole, nikapandishwa kwenye kreti. Asubuhi ya kwanza walinipigia kelele, "Sauti, Bibi! Unaongea na sisi au na kreti?" Asubuhi ya pili walinyamaza ili wanisikie, na hilo lilinitisha zaidi.

Ijumaa jua liliwaka mpaka jioni, hakuna wingu. Watu wakaanza kunong'ona. Jumamosi asubuhi Kitalu cha Juu kilikuwa bado kina majani ambayo hayajachumwa, na Meneja mwenyewe akaniuliza kama siku ya hatari haijapita. Nilisoma nilichopewa: Jumamosi bado tunaishuku. Mistari ikayumba. Wengine wakabeba matenga kuelekea juu.

"Subirini," akasema Mama Faraja. "Mwangalieni kwanza mwenyewe."

Bwana Utabiri alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, shati limeloa jasho kwenye baridi ile, macho magharibi. Walimtazama, kisha mmoja mmoja wakageuza matenga na kushuka bondeni.

Wingu liliinuka mchana kutoka upande wa Usangu, kichwa chake kikatandazika kama fuawe, kama vile Mama Afisa alivyonichorea kwa kisu juu ya ganda la kiazi. Tuliliona likiuficha mlima mzima. Radi ilipiga Kitalu cha Juu mara ambazo sikuzihesabu. Jumapili tulipopanda, mlingoti ulikuwa umeinama, na chai iliyouzunguka imekauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Chini ya mabuti nilisikia mawe ya mvua ambayo hayajayeyuka. Hapakuwa na mtu pale juu. Hapakuwa na bendera pia, na jambo hilo Mama Faraja alilizungumza zaidi ya jingine lolote.

"Unaona?" akamwambia Bwana Utabiri. "Hata bila nyekundu imekuja."

"Ndivyo nilivyokuwa nasema tangu mwanzo."

"Ulikuwa unasema, ndiyo. Lakini ulikuwa unaziondoa."

Nilisoma taarifa kwenye kreti misimu mingine kadhaa. Kisha ukaja mtambo wenye sola na vikombe vinavyozunguka, unajisoma wenyewe na kutuma ujumbe kwenye simu za manyapara. Meneja aliniita, safari hii akanipa kiti. Wachumaji walinifungia chai kwenye kitambaa cheupe. Bwana Utabiri, ambaye bado yupo, alinipa kipande cha kamba ya katani. Sikuuliza cha nini.

Sasa niko Ilomba na mama. Wanaonijia kuuliza kazi ile ilikuwaje nawaambia nilichofundishwa. Kabla ya kushuku mtu, shuku kwanza kile ulichokizoea, fundo ambalo mkono wako unalifunga bila kulitazama. Nawaambia pia kwamba radi haina habari na rangi. Nalisema kwa sauti, siku hizi ninayo.

Wiki iliyopita simu ilileta taarifa ya radi kali mwisho wa juma. Siku yenyewe ilipofika, wingu likaanza kupanda nyuma ya nyumba, na kwenye kamba ya nguo kulikuwa na blanketi la mama, jekundu. Nilitoka nikalianua kabla tone la kwanza halijaanguka, nikalikunja, nikalisukuma chini ya godoro.

"Umelianulia nini, na mvua bado?" mama akauliza.

"Lingelowa," nikamjibu.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Mimi mwenyewe bado naishuku.